Barua kwa mwanangu: hiyo miaka miwili mtakaa wapi?

Mwanangu Sidi,

Barua yako nimeipata, nimeisoma na kuirudia. Umeuliza jambo moja: kati ya njia za kuomba msamaha wa sharti la kurudi kukaa nyumbani miaka miwili, wewe na mumeo Daniel mshike ipi, ili J-1 yako, ile viza ya programu ya kubadilishana masomo na Marekani, ikiisha usilazimike kurudi Kenya. Hilo nitalijibu. Ila mimi naona kuna swali linalotangulia: hiyo miaka miwili, muwe mnangoja msamaha au mnatimiza sharti lenyewe, mtaishi wapi, na mtaishi pamoja? Msimamo wangu unaujua tangu ukiwa hapa nyumbani. Mke na mume wakae chini ya paa moja. Makaratasi hupangwa baada ya hapo.

Tuanze na sharti, maana naona marafiki zako wamekuchanganya. Kifungu cha 212(e) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani humshika mtu wa J-1 kwa mojawapo ya sababu tatu: amelipiwa na serikali, yake au ya Marekani, hata kama ni kwa sehemu tu, fani yake imo katika orodha ya ujuzi unaohitajika nchini kwake, au ni daktari aliyekwenda kufanya mafunzo ya hospitali. Wanaokuambia kwamba sharti "liliondolewa" wanazungumzia ile orodha, ambayo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliipitia upya Desemba 2024 ikaondoa nchi nyingi, zikiwemo India, China na Korea Kusini. Wewe hukushikwa na orodha. Ulisomeshwa na Fulbright, na hizo ni fedha za serikali ya Marekani. Mwenzako wa India ameachiliwa kwa haki yake, lakini karata yake si yako.

Alama iliyo kwenye kisanduku cha chini kushoto cha DS-2019, ile fomu ya programu yako ya J-1, ni maoni ya awali ya ofisa wa siku ile. Mtu anaweza kuandikiwa kwamba hahusiki, kisha akaja kuambiwa anahusika. Ukitaka jibu rasmi, kitengo cha msamaha cha Wizara hiyo hiyo hutoa maoni yake ukikipelekea nakala za DS-2019 zako zote. Mwaka wa mwisho uliolipiwa na chuo peke yake haufuti ile iliyolipiwa na Fulbright.

Mambo yanayozuiwa si mengi, lakini ndiyo hasa mnayoyataka: viza za H na L za kazi, K ya wachumba na wenzi, na grini kadi, yaani ukaazi wa kudumu. Huwezi pia kubadilisha hadhi ukiwa ndani ya Marekani, isipokuwa kwa hadhi chache kama zile za kidiplomasia. F-1 ya wanafunzi na O-1 ya wenye vipaji vya pekee hazikuzuiwa, mradi uziombe ubalozini, nje ya nchi. Ila kaa ukijua kwamba O-1 haipunguzi hata siku moja ya deni lako. Unaingia nalo na kutoka nalo. Na F-1 kwa mke wa Mmarekani ni ngumu, kwa sababu ni juu yako kumthibitishia ofisa kwamba utarudi, naye anaona mumeo yuko huko.

Ndoa haifuti sharti, wala mtoto akizaliwa huko hafuti. Na hapa, mwanangu, siwezi kupita bila kumtaja mjomba wako Kazungu, kwa sababu hadi leo linaniuma. Wakili wake na mkewe alipeleka I-130, ombi la kumtambua mwenzi, na I-485, ombi la grini kadi ukiwa ndani ya Marekani, katika bahasha moja. I-130 ikakubaliwa, barua ikafika, bibi yako akapika pilau la mtaa mzima. Hakuna aliyewaeleza kwamba I-130 inathibitisha uhusiano wa ndoa tu, wala haigusi 212(e). Miezi ikapita, I-485 ikakataliwa, na ada hairudi. Kisha akapata kazi Toronto akaenda, akiamini kwamba kuwa nje ya Marekani kunatosha. Hakutoshi. Siku zinazohesabiwa ni za nchi ya uraia wako, au nchi uliyokuwa na makazi ya kudumu kabla ya J-1. Siku zote za Canada zikawa bure. Alipoteremka Mombasa alianza na sifuri, mkewe Ohio, na wale watoto wakamjua baba yao kwa sauti ya simu. Ndiyo maana nasema na nitaendelea kusema, mke na mume wakae chini ya paa moja.

Kuna kimoja katika kisa hicho ambacho bado kinanifurahisha. Siku ya mahojiano ya viza Nairobi, ofisa alikuta pasipoti ina muhuri wa kutokea Lunga Lunga, mpakani na Tanzania, siku ile ya harusi ya Tanga, lakini muhuri wa kurudia wino ulikuwa umefifia, tarehe haisomeki. Kwa macho ya ofisa, pale palikuwa na pengo lisilojulikana urefu. Mjomba wako akatoa nakala za daftari la mahudhurio la ile shule aliyofundisha: kila asubuhi jina lake, saa, na sahihi yake yenye mkia mrefu ile. Jumatatu baada ya harusi, sahihi ipo. Pengo likafungwa papo hapo. Kwa hiyo utunze hati za mshahara, mkataba wa nyumba, risiti za hospitali, chochote chenye jina na tarehe. Siku si lazima zifuatane, zinajumlishwa, ila kila siku uliyo nje ya Kenya haimo.

Haya, njia za msamaha. Ziko tano, na mbili hazikuhusu. Ya madaktari, inayoitwa Conrad, hutoa nafasi 30 kwa kila jimbo kwa mwaka, na wewe si daktari. Ya mateso hupima rangi, dini na maoni ya kisiasa peke yake. Hukuteswa, na mtu yeyote akikushauri utunge, mkimbie. Ya tatu ni barua ya serikali ya Kenya ya kusema haina pingamizi, ambayo ubalozi wetu Washington huituma moja kwa moja Wizarani. Ni njia nyepesi kwa aliyeshikwa na orodha ya ujuzi. Kwa aliyelipiwa na serikali ya Marekani, Wizara kwa kawaida haipendekezi msamaha hata Kenya ikubali. Usimlipe wakala akuhangaikie barua hiyo. Ya nne huombwa na idara ya serikali ya Marekani, ikieleza kwamba kuondoka kwako kutaharibu mradi wake. Ni idara yenyewe inayoandika; profesa wako hana mamlaka hayo, hata akupende vipi.

Inabaki ya tano, dhiki ya kupindukia. Hapa wengi huandika barua ndefu ya mapenzi na kukataliwa. Dhiki inayopimwa si yako. Ni ya mume au mtoto aliye raia au mwenye grini kadi, kwa hiyo hapa ni ya Daniel. Na ni lazima ionyeshwe pande mbili: ataumia kupita kiasi akikufuata Kenya, na ataumia kupita kiasi akibaki Marekani bila wewe. Upande mmoja ukiwa imara na mwingine ukipwaya, ombi limeanguka. Kutengana kwa miaka miwili peke yake wanakuhesabu kuwa ndiyo kawaida ya sharti. Inatakiwa zaidi: barua za daktari zinazotaja ugonjwa, dawa na nini kitatokea akiikosa, amri ya mahakama, hesabu za madeni, uthibitisho kwamba matibabu fulani hayapatikani anakokwenda.

Umeniandikia kwamba Daniel ndiye anayemtunza mamake tangu alipopata kiharusi. Hilo liandikeni kwa uangalifu. Mama si mhusika kisheria, dhiki yake yeye haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni kinachompata Daniel akimwacha, au akibaki naye peke yake: kazi anayoikosa, fedha zinazotoka, afya yake mwenyewe, kama kuna ndugu mwingine wa kushika zamu. Mkikosea hapo mtapeleka faili nene la mgonjwa asiyetajwa na sheria.

Utaratibu ni huu. DS-3035, fomu ya kuomba msamaha, inajazwa kwenye tovuti ya Wizara, unapata namba ya kesi, unazichapa karatasi na kuzituma pamoja na ada ya dola 120 na nakala za DS-2019 zote. I-612, fomu ya dhiki yenyewe, inakwenda idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, na ada yake, ambayo ni kubwa zaidi. Itazameni siku ile ile ya kutuma, maana ada ikipungua faili hurudishwa. USCIS ikiona dhiki ipo, hulipeleka faili Wizarani. Wizara nayo inapima dhiki ikilinganisha na madhumuni ya programu na fedha zilizotumika, na hapo jina la Fulbright ni zito. Ikipendekeza ukataliwe, USCIS haiwezi kukupa msamaha. Tena kuna mtego wa muda: Wizara ikishapendekeza msamaha, J-1 yako haiongezwi tena. Kama unataka kutumia miezi ya mafunzo ya vitendo baada ya shahada, ambayo kwa kawaida ni hadi 18, au hadi 36 kwa mwenye udaktari wa falsafa, hati zake zitoke kwanza.

Sasa njia ambayo hukuniuliza. Ukirudi, Daniel anaweza kupeleka I-130 mara moja. Haihitaji kungoja siku ziishe. Mke wa raia hana foleni ya viza, kwa hiyo ombi litashughulikiwa huku siku zikijumlishwa. Faili likifika kituo cha viza cha taifa, usinyamaze mwaka mzima bila kujibu, linaweza kufungwa. Cheti cha mwenendo mwema cha DCI, idara ya upelelezi, kiombe kupitia eCitizen mahojiano yakikaribia, kisije kikachakaa. Ukiingia Marekani ndoa ikiwa imeshapita miaka miwili, unapata kadi ya miaka kumi bila masharti, wala hutahangaika na I-751, fomu ya kuondoa masharti ya kadi. Kwa hesabu hiyo miaka miwili ya nyumbani haipotei yote.

Kinachowaangusha wanaoishi pamoja nje ni I-864, ile ahadi ya kukutunza. Daniel lazima awe na makazi Marekani, au aonyeshe kwamba anarudi kuishi huko kabla yako au pamoja nawe: akaunti ya benki, barua ya kazi, nyumba. Kipato kinatakiwa kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, na mshahara wa Kenya utakaokoma mkiondoka hauhesabiwi. Atafute mdhamini wa pamoja, au aonyeshe mali yenye thamani mara tatu ya kile kilichopungua. Na kodi ya Marekani aipelekee hesabu kila mwaka hata akiwa Mombasa, maana wataidai. Huku Kenya ataingia kwa eTA, kibali cha kusafiri cha mtandaoni, iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024, kisha umwombee pasi ya mtegemezi. Pasi hiyo haimruhusu kuajiriwa. Kibali cha kazi kinaombwa peke yake. Wewe una fani ya bahari, na pale Mkomani, Mombasa, kuna taasisi ya utafiti wa bahari ya taifa. Ulizia mapema.

Najua utakachosema: mama anataka nirudi, ndiyo maana njia zote ameziona mbovu. Kutaka nataka, sitakuficha. Chumba chako nimekipaka rangi. Lakini nimejaribu kuisoma barua yako kama faili la mtu nisiyemjua, na bado naona kwamba kwa fedha za Fulbright, kutimiza sharti ndiyo njia ambayo haitegemei huruma ya mtu. Halafu nikakumbuka yule mama aliyepata kiharusi. Nikasema Daniel aje, atamwacha nani naye? Nikasema abaki, basi wewe na yeye mtakuwa kama mjomba wako na mkewe, na nimeapa kwamba hilo halitatokea tena katika nyumba hii. Nikasema waombe msamaha wa dhiki, na hapo kweli upande wa kubaki peke yake una nguvu, kuliko nilivyodhani nilipoanza kuandika. Nikarudi tena kwenye fedha za serikali.

Basi sitatoa hukumu, ingawa ninayo mdomoni. Mnaweza kupeleka I-612 na I-130 zote mbili, wewe ukija kuanza kuhesabu siku badala ya kukaa bure ukingoja. Kurudi kwako hakufuti ombi, ingawa wataangalia zaidi ule upande wa Daniel kubaki peke yake. Lakini kabla hamjalipa senti, nitumie nakala za DS-2019 zote, pamoja na ile ya mwaka wa kwanza uliyosema imechanika, na barua za Fulbright za kila mwaka. Na mwambie Daniel anipigie yeye mwenyewe Jumapili. Nataka anieleze hali ya mamake, nani anamlisha mchana akiwa kazini, na daktari amesema nini.

Mama yako