Hiyo ni Futura, si Arial

Hapana mkuu, umesema bango la "Karibu Dodoma" limeandikwa kwa fonti (mtindo wa herufi) ya Arial nene, lakini hiyo ni fonti nyingine, Futura Bold, yaani Futura nene. Angalia a ndogo: kiduara na mstari pembeni, basi, haina kikofia juu kama ya Arial. Na j imenyooka kama fimbo ya mchungaji, haina ndoano chini. Mimi nakata stika na mabango hapa Majengo, hizo mbili nazitenganisha kila siku.

Futura aliichora Mjerumani Paul Renner, ikatoka 1927. Hata kibao walichoacha wanaanga wa Apollo 11 mwezini 1969 kimeandikwa kwa Futura. Neno DODOMA kwa herufi kubwa linaikubali mno, zile O zinakaa kama matairi ya lori.

Ila kwa maandishi madogo iache, hasa ikiwa nene: a na o zinafanana. Niliwahi kuchapa kipeperushi chenye neno "kata", mzee mmoja akasoma "kota"! Halafu Futura inauzwa. Ukitaka ya bure inayoikaribia sana, pakua Jost.