Nuru na Elektroni za Usoni

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba bismuthi selenidi, fuwele ya bismuthi na seleni, hupitisha umeme usoni tu, si ndani, na kwamba elektroni za uso huo zinaweza kuyumba pamoja na nuru. Je, nikikimulika kipande chake kwa tochi, mawimbi hayo yatatokea?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga

JIBU: Hayatatokea, ndugu msomaji, na hata ukitumia nuru ya teraherzi (nuru isiyoonekana, itetemayo mara kama trilioni kwa sekunde) inayofaa kazi hiyo, uso ulio tambarare bado utakunyima. Elektroni zikiyumba kwa pamoja, kama maji ya karai lililotikiswa, myumbo huo huitwa plasmoni. Nuru ya teraherzi 1 ina urefu wa wimbi wa mikromita 300 hewani, ilhali plasmoni inayotetema kwa kasi hiyohiyo ina wimbi fupi zaidi kwa mbali, kwa hiyo vilele vyao havikutani.

Dawa yake ni kuuchonga utando mwembamba wa bismuthi selenidi uwe mikanda. Mwaka 2013 watafiti wa Italia na Marekani walitangaza kwamba wameziona plasmoni za bismuthi selenidi kwa njia hiyo, kwa mikanda yenye upana wa mikromita 2 hadi 20. Uga wa umeme wa nuru ukiukata ukanda kwa upana, elektroni husukumwa hadi ukingoni, hurudi, na upana huo ndio unaopanga urefu wa wimbi. Uga ukielekea kwa urefu wa ukanda, hakuna ukingo wa kuzirudisha. Ukanda ukipunguzwa upana mara nne, mitetemo huongezeka mara mbili tu, nayo ndiyo alama waliyoitafuta. Hata hivyo iliwabidi waichambue kwa makini, kwa kuwa atomi zenyewe hutetema karibu na teraherzi 2 na kuchanganyika na plasmoni.

Usiamini, kama wengi waandikavyo, kwamba elektroni hizo hazikwami kamwe. Zinachozuiwa ni kugeuka moja kwa moja kurudi zilikotoka zikigonga kasoro isiyo ya sumaku. Kukengeuka kwa pembe nyingine kunaruhusiwa, na plasmoni hufifia upesi. Isitoshe, atomi za seleni zinazokosekana huachia elektroni ndani ya kipande, hata "ndani pasipopitisha umeme" pakaupitisha.

Kuhusu tochi: chembe ya nuru nyekundu ina nishati ya takriban elektronivolti 1.8 (elektronivolti ni kipimo cha nishati), na pengo la nishati ndani ya bismuthi selenidi, yaani nishati ya chini inayotosha kuifungua elektroni ya ndani, ni kama 0.3. Nuru yako itamezwa na elektroni za ndani, moja moja, badala ya kuziyumbisha kwa pamoja.