Barua kwa mwanangu: ukitaka kulala juu ya mti, fika jua likiwa bado juu

Mwanangu,

Umeniuliza kama unaweza kutoka Lubumbashi peke yako kwa gari, uvuke mpakani Kasumbalesa, ulale kwenye zile kambi zenye vyumba juu ya miti upande wa Zambia, kisha umalizie kwenye mbuga ya Kasanka. Umeniuliza pia uogope nini zaidi, barabara au mti. Safari inawezekana. Cha kuogopa ni saa. Mti ukiuchunguza saa tisa mchana utaona kila kitu; mti huohuo ukiupanda saa mbili usiku, umechoka, tochi mdomoni, hutaona kitu. Basi panga kila hatua ili uwe chini ya mti wako kabla ya saa kumi jioni.

Toka nyumbani mpaka lango la Kasanka ni zaidi ya kilomita 600. Usizimalize kwa siku moja. Siku ya kwanza ishie Ndola au Kapiri Mposhi, ulale chini kwenye nyumba ya wageni yenye uzio. Ondoka saa kumi na moja alfajiri ufike Kasumbalesa mapema, kwa sababu makamio, yaani malori, yakishajazana barabarani hata gari dogo halina pa kupenya. Saa za Zambia ni sawa na za kwetu, usipige hesabu nyingine. Shika mkononi pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano (utaihitaji hasa ukirudi), leseni, karti rozi (kadi ya gari) na ile kadi ya njano ya bima ya COMESA, inayokubaliwa nchi zote mbili. Gari likiwa si la jina lako, beba barua ya mwenye gari iliyopigwa muhuri kwa notari. Upande wa pili utalipa kodi ya moshi wa gari na ushuru wa halmashauri. Risiti zote ziweke kwenye bahasha moja juu ya dashibodi, maana vizuizini wataziomba. Polisi watataka pia kuona pembetatu mbili za onyo, si moja.

Kule wanaendesha kushoto. Kilomita za kwanza hazitakusumbua, utakuwa macho kwa woga. Hatari inakuja baadaye, unapotoka kituo cha mafuta au kando ulikosimama kula, barabara tupu, hakuna gari la kukukumbusha, mkono unarudi kulia wenyewe. Bandika karatasi yenye mshale katikati ya usukani, na kila unapowasha gari useme kwa sauti: kushoto. Halafu usukani wa gari letu uko upande wa kushoto, kwa hiyo ukikaa nyuma ya kamio huoni mbele, na huna abiria wa kukuchungulia. Usisogee karibu ili uone; rudi nyuma. Ukiacha mita 40 au 50, barabara inafunguka machoni. Kama bado huoni, vumilia. Makamio ya shaba yako mengi mpaka Kapiri Mposhi, na ukilipita moja kuna jingine.

Angalia matairi wiki moja kabla. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita, hata kama meno yake ni mazima, mpira umekauka na joto la Oktoba litalipasua. Tazama na la akiba, maana hilo ndilo husahaulika. Kisha fungua nati za gurudumu moja kwa spana yako mwenyewe, hapa nyumbani. Makanika huzikaza kwa mashine ya upepo na wewe peke yako porini hutazilegeza. Tafuta bomba la chuma la mita moja la kuchomeka kwenye mkono wa spana, na kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30 cha kuweka chini ya jeki ili isizame mchangani. Mafuta jaza Serenje. Ukitoka hapo unafuata barabara kuu kilomita 36 hivi, unakata kushoto njia ya Mansa, kilomita 55 mpaka lango, na mbele ya hapo usihesabu pampu yoyote.

Sasa mti wenyewe. Kabla ya kushusha mzigo, zunguka shina. Uyoga mgumu uliotoka kama rafu karibu na mizizi una maana moyo wa mti umeoza, hata kama majani ni mabichi. Gonga shina kwa jiwe mahali pengi: likiitika kama ngoma, ndani ni tupu. Tafuta njia za udongo za mchwa zinazopanda, na unga wa mbao chini. Tazama ardhi: ufa upande mmoja wa shina unaonyesha mizizi imeanza kunyanyuka. Halafu inua macho uone kama kuna tawi kavu juu ya paa.

Ukimaliza shina, tazama jinsi nyumba ilivyoshikwa. Boriti ziwe zimefungwa kwa bolti nene. Misumari hulegea mbao zikikauka, na waya au kamba iliyokaza shina pande zote hunyonga mti, kwa sababu chakula chake hupita chini tu ya ganda, na shina hunenepa kila mwaka. Ukiona ganda limevimba juu ya waya, mti huo unakufa polepole. Omba chumba kingine. Sakafu isiguse shina: pawe na nafasi ya vidole vitatu au zaidi kuzunguka. Nyumba ikiwa imebebwa na miti miwili, upande mmoja wa boriti uwe umelala juu ya chuma ukiweza kuteleza, kwani kila mti huyumba kivyake, na upepo ukija bolti zilizokazwa pande zote mbili ndizo hukatika. Uliza ubao ni wa mti gani. Mubanga na mulombwa mchwa hawaupendi. Musamba ukigusa udongo haukawii kuliwa.

Ngazi ijaribu mchana. Kanyaga vipago karibu na nguzo, si katikati. Ngazi ipite sakafu kwa mita moja hivi ili uwe na pa kushika ukifika juu. Begi usipande nalo mgongoni, livute kwa kamba. Usiku usishuke kwa ajili ya choo: beba ndoo ndogo yenye kifuniko, na tochi ya kufunga kichwani ili mikono ibaki huru. Mbabula, lile jiko la makaa, ibaki chini, hata kukiwa na baridi ya Juni. Makaa hutoa sumu isiyo na harufu, na nyumba ya mbao huwaka upesi.

Kuhusu majira, msimamo wangu ni huu. Kulala juu ya mti, nenda Agosti au Septemba. Popo wa Kasanka, wanaokadiriwa kufika milioni 10, huja kati ya Oktoba na Desemba, na huo ndio mwanzo wa mvua na radi. Ukiwafuata wao, lala chini, upande juu jioni na alfajiri tu. Hulala wote ndani ya mushitu mdogo, yaani msitu wa kinamasi, wakining'inia mpaka matawi yanavunjika kwa uzito, na jua likizama wanaruka pamoja. Omba pia kupanda jukwaa la kutazamia wanyama la Fibwe, kama mita 18 juu kwenye mti wa mululu, uone nzohe (swala wa kinamasi) kwenye mafunjo asubuhi na mapema. Usivae nguo nyeusi wala za buluu, mbung'o huzifuata.

Radi ikikukuta juu, hesabu sekunde toka mwanga mpaka ngurumo. Zikiwa chini ya 30, iko ndani ya kilomita 10. Shuka wakati huohuo, kabla mvua haijalowesha ngazi, uingie garini, ufunge vioo, ukae mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kwa hiyo gari usiliegeshe chini ya mti.

Nunua laini ya simu ya Zambia mpakani, pakua ramani kabla ya kuondoka, na niachie jina la kila kambi na namba yake. Nitumie neno moja kila jioni ukishafika. Ikifika saa tatu asubuhi sijapata kitu, nitapiga simu kambini, na usinikasirikie. Kwanza nitumie picha ya zile tarakimu nne za matairi yote matano wiki hii, ili kama kuna la kununua tulipate kabla hujaomba ruhusa kazini.

Mama yako