Makofi Yapigwe Lini? Ushauri kwa Anayekwenda Kusikiliza Koncheto ya Fidla

Tangu kikundi chetu cha wanakwaya kianze kukutana jioni hapa Kirumba, Mwanza, kusikiliza muziki wa okestra, swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu ugumu wa muziki bali makofi. Mtu aliyealikwa kwenye onyesho la fidla hataki kuonekana mshamba. Amesikia kwamba kuna mahali ambapo ukipiga makofi ukumbi mzima hugeuka kukutazama, na kwa hofu hiyo hukaa saa nzima akiwachunguza majirani zake badala ya kumsikiliza mpigaji. Ushauri wangu, baada ya miaka mingi ya kufundisha kwaya na ya kuusikiliza muziki huu kila nilipopata nafasi, ni kwamba hofu hiyo haina msingi: anayeufuatilia muziki huonyeshwa na muziki wenyewe pa kunyamaza na pa kushangilia, mradi awe amejiandaa kidogo kabla ya siku yenyewe.

Koncheto ni utungo mrefu wa mpigaji mmoja na okestra. Zile maarufu za fidla huwa na sehemu tatu: ya kwanza ndefu na nzito, ya pili ya polepole, ya tatu ya kasi na uchangamfu. Mpigaji husimama kando ya mwongozaji, hana maikrofoni, na chombo chake kina nyuzi nne tu, lakini lazima asikike juu ya watu hamsini au zaidi walioketi nyuma yake. Mtunzi analijua hilo, kwa hiyo hupunguza sauti za okestra pale fidla inapoimba, humpandisha mpigaji kwenye noti za juu ambako vyombo vingine havimfuniki, na mahali fulani huinyamazisha okestra yote ili mpigaji abaki peke yake. Mahali hapo huitwa kadenza, na ndipo ufundi wote hutolewa hadharani: nyuzi mbili au tatu kwa pamoja, noti zinazotetemeshwa, sauti nyembamba zinazopatikana kwa kuugusa uzi bila kuukandamiza.

Msikilizaji mgeni hutamani kupiga makofi pale kadenza inapokwisha, maana kila kitu kinamwambia kwamba jambo kubwa limetendeka. Namsihi asubiri. Katika koncheto ya Beethoven, ile ya mwaka 1806, mpigaji akimaliza kadenza ya sehemu ya kwanza huirudia melodia ya pili kwa sauti ya chini sana, kwenye nyuzi nene, huku okestra ikidonoa nyuzi kwa vidole tu. Kwangu mimi hapo ni mahali pazuri kuliko kadenza yenyewe, na makofi ya mtu mmoja tu yanatosha kupaharibu. Brahms naye, katika koncheto iliyopigwa kwa mara ya kwanza Leipzig tarehe 1 Januari 1879, alifanya jambo linalofanana na hilo: baada ya kelele na jasho la kadenza, fidla hupanda juu na kuimba kwa utulivu. Watunzi hawa hawakumtaka msikilizaji apumue mapema.

Mendelssohn ndiye aliyeufunga mlango kabisa. Koncheto yake, iliyosikika kwa mara ya kwanza Leipzig tarehe 13 Machi 1845 mikononi mwa mpiga fidla Ferdinand David, ndiyo ninayompa kila anayeanza. Fidla huingia mara moja, tofauti na ile ya Beethoven ambamo unasubiri kama dakika tatu kabla ya kumsikia mpigaji. Kadenza ameiweka katikati ya sehemu ya kwanza, na haina mwisho unaoonekana: mpigaji anaanza kuurusha upinde juu ya nyuzi zote nne, noti zinaruka mfululizo, na yeye akiwa bado katika kuruka huko, okestra inarudi na melodia ya mwanzo. Ghafla bingwa aliyekuwa mbele amekuwa msindikizaji. Nimewahi kuirudisha nyuma video mahali hapo mara kadhaa, kwa ombi la vijana wa sauti ya nne, mpaka kila mmoja alipoisikia zamu hiyo ikibadilishwa. Kisha sehemu ya kwanza inapokwisha kwa kishindo, ala moja ya kupuliza, basuni, inaendelea kushikilia noti yake peke yake na kutuingiza katika sehemu ya pili. Hakuna pengo la kupigia makofi, kwa sababu mtunzi hakutaka liwepo.

Hapo ndipo siri ilipo: jua pengo liko wapi. Katika koncheto ya Tchaikovsky sehemu ya pili inaungana na ya tatu bila kusimama, na ndivyo ilivyo pia kwa Beethoven. Pengo halisi ni moja tu, baada ya sehemu ya kwanza. Sasa, ile sehemu ya kwanza ya Tchaikovsky inaishia kwa kasi na mshindo mkubwa kiasi kwamba mtu asiyetikisika hapo namwonea shaka. Katika kumbi nyingi za Ulaya na Marekani, wasikilizaji hupiga makofi hapo hadi leo, na sijamwona mpigaji aliyekasirika. Ukijikuta umepiga, usijilaumu.

Kimya hiki tunachokiogopa si cha kale sana. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akimweleza kwa furaha kwamba wasikilizaji walishangilia katikati kabisa ya sehemu ya kwanza ya simfonia yake, yaani utungo mrefu wa okestra, mahali ambapo yeye mwenyewe alijua kabla kwamba patawapendeza. Hakulalamika, ndicho alichokitaka. Utaratibu wa kungoja hadi mwisho ulikua polepole na kuwa kanuni katika karne ya 20. Mimi nauheshimu, kwa sababu una faida: unaipa kazi ndefu nafasi ya kusikika kama kitu kimoja. Lakini wanaoufanya kuwa kipimo cha ustaarabu wanapotoka.

Nasema hivyo nikiwa Mwanza, ambako watu hawahitaji kufundishwa kumhukumu fundi. Aliyewahi kufika Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma ya mwezi wa sita, anajua jinsi Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wanavyocheza kwa wakati mmoja katika uwanja uleule, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi zaidi. Umati unahukumu kwa miguu. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, akilegea dakika chache tu, utaona watu wanaanza kusogea upande wa pili. Ukumbi wa koncheto umemnyima msikilizaji miguu hiyo: amekalishwa, taa zimepunguzwa, na hukumu yake yote imeahirishwa hadi noti ya mwisho. Kwa hiyo asidhani kwamba kukaa kimya ni kutofanya kitu. Macho na masikio yale yale yanayomtambua mchezaji bora uwanjani ndiyo anayopaswa kuyatumia, ila ayatumie akiwa ameketi.

Mazingira nayo yana nguvu kuliko tunavyokubali. Tarehe 12 Januari 2007 Joshua Bell, mmoja wa wapiga fidla mashuhuri duniani, alisimama katika kituo cha treni mjini Washington akiwa amevaa kofia ya kawaida, akapiga kwa dakika 43 fidla iliyotengenezwa na Stradivari, fundi mashuhuri wa Italia, mwaka 1713. Lilikuwa jaribio la gazeti la Washington Post. Wakapita watu 1,097, na saba tu ndio waliosimama kumsikiliza kwa muda wa maana. Wengine huitumia habari hii kuwasema watu kwamba hawana masikio. Mimi naiona tofauti: mtu anayewahi kazini asubuhi hana nafasi ya kusikiliza, hata kama ana moyo. Jipe nafasi hiyo. Fika mapema, zima simu badala ya kuiacha itetemeke mfukoni, na usiingie ukiwa umetoka kugombana na konda.

Kuhusu kujiandaa nyumbani, usisikilizie kwenye spika ya simu. Muziki huu una tofauti kubwa kati ya sauti ya juu na ya chini, na spika ndogo humeza besi zote na kuzifuta sehemu tulivu, hivyo unaongeza sauti, na okestra inapolipuka unashtuka na kuizima. Tumia earphone, hata zile za bei ya chini za waya, na usikilize usiku bodaboda zikishapungua. Bando likiwa dogo, pakua utungo mmoja tu na ukae nao wiki nzima, maana kuijua koncheto moja vizuri kunakufaa kuliko kuonja kumi. Anayesoma solfa (do, re, mi) ajaribu kuandika melodia ya mwanzo. Hata akikosea mapigo, atakapokaa ukumbini ataitambua kila inaporudi, na kuitambua huko ndiko kunakofanya dakika ishirini na tano zisionekane ndefu.

Ukumbini, kama viti havina namba, kaa upande wa kushoto kidogo unapoitazama jukwaa, ambako utauona mkono wa upinde na vidole vya mkono mwingine. Watoto waketi mbele kabisa. Tazama unga mweupe wa ulimbo uliopakwa kwenye upinde unavyotua juu ya ubao chini ya nyuzi, na nywele za upinde zinazokatika moja moja na kuning'inia. Mpigaji anayetumia nguvu nyingi huzing'oa haraka anapopumzika huku okestra ikiendelea. Mambo haya madogo humfundisha mgeni kwamba anayemwona anafanya kazi ngumu ya mwili, na huacha kudhani kwamba sauti ile inatoka yenyewe.

Mara chache tunapompata mpiga fidla mgeni hapa mjini, hatuna okestra ya kumpa, kwa hiyo hupiga koncheto akisindikizwa na piano. Niliwahi kuhudhuria onyesho la namna hiyo katika ukumbi mmoja wa kanisa, na koncheto ilikuwa ile ya Mendelssohn. Piano haiwezi kuishikilia noti ya basuni. Inagongwa na kufifia. Pengo likatokea, na ukumbi ukapiga makofi kwa moyo wote. Bwana mmoja wa mstari wa mbele akageuka, kidole mdomoni, akatoa "shii!" iliyosikika kuliko makofi yenyewe. Mpigaji hakushtuka. Aliinamisha kichwa kwa shukrani, akafuta kidevu kwa leso, kisha akaitumia nafasi hiyo kurekebisha nyuzi, kwa kuwa ulikuwa msimu wa mvua na unyevu wa ziwa ulikuwa umezivuruga. Alipomaliza kuzisawazisha alimpa ishara mpiga piano, na ukumbi ukanyamaza wenyewe bila kuamrishwa na mtu. Tangu siku hiyo nawaambia wenzangu kwamba anayewanyamazisha wengine alikuwa akiwasikiliza wao, wala hakuwa akiusikiliza muziki. Na waandaaji wa maonyesho haya wangetusaidia sana kama wangesimama dakika moja kabla ya kuanza, wakaeleza utungo una sehemu ngapi na unaishaje.

Usione aibu pia kama utungo haujakugusa. Koncheto ile ya Beethoven, Franz Clement alipoipiga Vienna mwaka 1806, haikupokelewa kwa shangwe kubwa na ikakaa miaka mingi bila kupigwa mara kwa mara, hadi mwaka 1844 mvulana wa miaka kumi na miwili, Joseph Joachim, alipoipiga London chini ya uongozi wa Mendelssohn. Ya Tchaikovsky ilipofika Vienna mwaka 1881, mhakiki Eduard Hanslick aliandika kwamba ilimletea wazo la muziki unaonuka masikioni. Leo zote mbili hupigwa dunia nzima. Kwa hiyo ukitoka ukumbini bila kuguswa, sema hivyo kwa adabu, kisha uisikilize tena baada ya miezi michache.

Mama mmoja wa sauti ya pili, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, aliniuliza kama vigelegele vinaruhusiwa. Nilimjibu kwamba mwisho wa sehemu ya tatu apige bila kuomba ruhusa ya mtu. Katika taarabu ya Zanzibar, ambako fidla imekaa kwa zaidi ya miaka mia, watu huinuka na kumtuza mwimbaji wimbo ukiwa unaendelea. Sisi tutangoja mpigaji ashushe upinde, lakini baada ya hapo sioni sababu ya kuiga makofi makavu ya watu wengine. Angalia tu mkono: kama utungo umeishia kwa sauti ya chini na upinde bado uko hewani, muziki haujaisha.

Makofi yakiwa mengi, mpigaji hutoka na kurudi mara mbili tatu, na mara nyingi huongeza kipande kifupi akiwa peke yake, aghalabu cha Bach. Hiyo ni zawadi, haipo kwenye ratiba, na wanaokimbilia mlangoni huikosa. Kama unawahi daladala ya mwisho ya Kisesa, kaa karibu na njia tangu mwanzo, na utoke wakati wa makofi, kabla hajainua tena fidla begani.