Mpokeaji mkorofi: kumtimua hakurudishi hela

SWALI: Nashabikia timu moja ya NFL, ligi ya soka la Marekani. Mpokeaji wetu namba moja anadaka mipira ambayo wengine hawaigusi, lakini asipopewa pasi anapiga helmeti chini na kumfokea kocha mbele ya kamera. Ana mkataba wa miaka 4, amemaliza mmoja. Kwa nini wasimuuze au kumwachia, waokoe mshahara wake?

JIBU: Neno "wamuuze" tumelizoea kwenye soka, na ndilo linalowapotosha mashabiki wengi. Simba au Gor Mahia ikimuuza mchezaji, inapokea ada. NFL haina ada ya uhamisho. Mchezaji hubadilishwa kwa mchezaji mwingine, au kwa nafasi za kuchagua chipukizi kwenye drafti, na bonasi aliyokwisha kulipwa inabaki shingoni mwa timu ya zamani.

Chukua kalamu. Tuseme alipewa bonasi ya kusaini ya dola milioni 40. Yeye ameshaiweka mfukoni, ila kwenye hesabu ya ukomo wa mishahara (kiasi cha juu ambacho timu inaruhusiwa kutumia kwa wachezaji kila mwaka) inagawanywa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi 5: hapa ni milioni 10 kila mwaka. Mwaka mmoja umepita, zimebaki 30. Mshahara wa mwaka huu ni milioni 12. Akibaki, anakula 22 kwenye ukomo. Akiachiwa kabla ya Juni 1, zile 30 zote zinaangukia mwaka huu, yaani timu imebeba milioni 8 zaidi ili asiichezee. Na kama mshahara ule una dhamana, yaani analipwa hata akiachiwa, ongeza 12 nyingine.

Baada ya Juni 1 mzigo hugawanyika: 10 sasa, 20 mwakani. Kila timu inaruhusiwa kuwaachia wachezaji 2 mapema wakahesabiwa kama walioondoka baada ya tarehe hiyo. Kwenye kubadilishana ruhusa hiyo haipo; ni lazima Juni 1 ipite kweli, na kufikia hapo drafti ya Aprili imeshafanyika, hivyo unapewa nafasi za drafti ya mwakani.

Pittsburgh Steelers walimtoa mpokeaji Antonio Brown mwaka 2019 kwa nafasi za drafti za raundi ya 3 na ya 5, wakabaki kwenye ukomo na dola milioni 21.12 za mtu ambaye hayupo. Buffalo Bills walimeza takriban milioni 31 walipombadilisha mpokeaji Stefon Diggs kwenda Houston mwaka 2024. Oakland Raiders, waliompokea Brown, waliponea kwenye kipengele cha nidhamu: faini zake zilifuta dhamana ya karibu milioni 30, wakamwachia kabla ya mechi ya kwanza. Kipengele kama hicho huandikwa siku ya kusaini. Ugomvi ukishaanza, umechelewa.

Sasa hiyo helmeti. Wachambuzi wa video za sekunde 10 wanaipima tabia ya mtu kwa hasira ya pembeni ya uwanja, na hapo ndipo wanapoharibu vichwa vya watu. Mtazame wakati mpira hauji kwake. Je, anakimbia kwa kasi ileile? Mwenzake anapokimbia na mpira, anamzuia beki wa wapinzani? Kuna njia, yaani mikimbio iliyopangwa, ambazo mpokeaji anakwenda yadi 12, kisha anawasoma mabeki wa nyuma: wakiwa wawili waliotawanyika, anakata katikati, akiwa mmoja kati, anasimama na kugeuka. Kwotabeki, mrusha pasi wa timu, hurusha kabla mwenzake hajageuka. Aliyenuna akichelewa hatua mbili, mpira unadakwa na mpinzani, na kwenye takwimu lawama inamwendea kwotabeki. Huyo ndiye wa kuogopa, pamoja na anayekosa vikao vya timu. Anayefoka kisha anakimbia njia yake sawasawa, mbakize.

Adhabu zipo pia: faini hadi mshahara wa wiki moja, na kusimamishwa bila malipo hadi wiki 4. Philadelphia Eagles walimsimamisha hivyo mpokeaji Terrell Owens Novemba 2005, miezi tisa tu baada ya yadi zake 122 kwenye Super Bowl, fainali ya NFL.

Na wanaodai mkorofi ni mkorofi popote, waulize kuhusu mpokeaji Randy Moss. Oakland walimchoka, New England wakamchukua 2007 kwa nafasi moja ya raundi ya 4, akadaka pasi 23 za tachidauni (za kufunga) msimu huohuo, rekodi ya ligi. Kwa hiyo mtu akikwambia "aondoke kesho", muulize kwanza bonasi imebaki kiasi gani, mshahara una dhamana au hauna, na kesho hiyo ni kabla au baada ya Juni 1.