Kabla hujamuelezea mtu sayansi, muulize kwanza yeye anaonaje

Kuna swali nalipenda sana kuwauliza watu. Mti mkubwa, ule ambao hata mkishikana mikono watu wawili hamlizunguki shina lake, uzito wote ule umetoka wapi? Ulianza kama mbegu unayoishika kwa vidole viwili, sasa hivi una tani kadhaa, hizo tani zimetoka wapi?

Wengi wanajibu udongo, mizizi imenyonya udongo basi. Wengine wanasema maji. Wanaotaja hewa ni wachache mno, na hapa sisemei ambao hawajasoma, nimewauliza watu waliofaulu baiolojia vizuri kabisa, wanaokuandikia mlinganyo wa usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, bila kuchungulia popote, na bado wananiambia udongo.

Kwa hiyo kwa yeyote anayependa kuwaelezea watu mambo ya sayansi, iwe unaandika, unafundisha au mmekaa tu na ndugu zako mnapiga stori, ushauri wangu ndio huo: kabla hujaeleza chochote muulize mwenzio yeye anaonaje, halafu nyamaza usikilize jibu lote mpaka mwisho. Usimcheke na usimkatishe. Mtu mzima tayari ana maelezo yake kichwani na kwake yana mantiki kabisa, maana mti anauona umeota kwenye udongo, na mbolea anaona inawekwa kwenye udongo, sasa kwa nini asiseme udongo? Ukimwagia ya kwako juu ya hayo ataitikia vizuri tu, pengine atayakariri, halafu wiki ijayo karudi kulekule. Ila ukishajua anawaza nini unajua pa kuanzia.

Kwenye mti mimi huwa sianzi na usanisinuru kabisa, naanza na Jan Baptist van Helmont. Huyu bwana mwanasayansi wa Brussels alichukua chombo akaweka udongo mkavu wa kama kilo 90, ameupima kwanza, akapanda mche wa kilo 2 na kidogo, akaufunika udongo ili vumbi lisiingie, akawa anamwagilia maji tu. Miaka 5. Baadaye akautoa mti akaupima, umefika kama kilo 77. Akaukausha udongo akaupima tena, umepungua kama gramu 57 tu! Habari zenyewe zilichapishwa 1648, yeye ameshafariki. Ukifika hapo usiendelee haraka, mwache mtu akae na hizo namba kidogo, utamuona mwenyewe anaanza kuhangaika, maana kama udongo uko palepale basi zile kilo 70 na ushee zimetoka wapi?

Van Helmont mwenyewe akasema ni maji. Na hii nayo naipenda kuieleza, sababu jibu lake halikuwa la kijinga, kitu alichokuwa anaongeza ni maji tu sasa angesema nini kingine, na hapohapo ndiye mtu aliyechunguza ile hewa inayotoka kwenye mkaa unaoungua, yaani hewa ukaa yenyewe, ila hakuiunganisha na mti wake. Ilisubiri mpaka 1804 ndipo mtaalamu wa mimea wa Geneva, Nicolas-Théodore de Saussure, akaonyesha kwa vipimo kwamba uzito wa mmea unatokana na vyote viwili, hewa ukaa na maji. Ubao mkavu karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, na kaboni hiyo imeingia kupitia majani ikiwa ndani ya hewa ukaa. Halafu namwambia mtu akumbuke kuni zikiungua zinabaki nini. Jivu kidogo tu, si ndiyo? Lile jivu ndiyo ile sehemu iliyotoka ardhini, madini, na mengine yote yamerudi hewani yalikotoka. Hapo sasa ukimtajia usanisinuru ana mahali pa kuuweka.

Kitu kingine ambacho watu hukazania sana ni mwezi. Muulize mtu kwa nini leo mwezi ni nusu, atakwambia kivuli cha dunia kimeufunika. Wengi mno wanaamini hivyo. Na wewe ukimjibu "hapana, ni pembe tunayouangalia" umemwambia kweli lakini hujamsaidia kitu.

Kuna mzee mmoja tulibishana naye kwa heshima tu, nikamwambia mzee wangu hebu simama hapa. Chumba giza, taa moja tu upande mmoja, nikampa mpira mweupe mdogo aushike mkono umenyooka, juu ya usawa wa kichwa chake kidogo, halafu azunguke polepole palepale aliposimama huku macho yako kwenye mpira. Akigeukia taa, upande wa mpira anaouona ni giza. Akigeuka kidogo, ukingo mwembamba unawaka. Akizidi kugeuka ni nusu, na akiipa taa mgongo mpira wote unawaka. Akarudia tena na tena, hataki kuuachia mpira, mwishoni akasema "Kumbe mwanangu mwezi nusu yake inawaka siku zote, wenyewe unatuzunguka, sisi tunauona pembeni." Nikamwambia sasa ushushe mpira mpaka uwe sawa na kichwa, upe taa mgongo. Kivuli cha kichwa chake kikaangukia mpira. Huko ndiko kupatwa kwa mwezi, na hakutokei kila mwezi sababu njia ya mwezi imeinama kama digrii 5 ukilinganisha na njia ya dunia kuzunguka jua, kwa hiyo mara nyingi unapita juu au chini ya kivuli. Kama huna taa wala mpira, mwambie mtu auangalie mwezi wa nusu mchana, jua nalo likiwa bado angani. Kivuli cha dunia kinaelekea upande ulio kinyume na jua, sasa kingeufikiaje mwezi ule?

Utaona kote huko nilichompa mtu ni kile kilichowafanya watu wajue, siyo jibu peke yake. Hata majira ni hivyohivyo, anayekwambia baridi inakuja dunia ikiwa mbali na jua mwambie tu kwamba dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na huo ndio wakati nusu ya kaskazini iko kwenye baridi. Mwache abishane na hilo mwenyewe, maelezo yenyewe ya majira, mhimili wa dunia kuinama kwa digrii 23 na nusu hivi, yatakuja baadaye akiwa anayahitaji.

Namba nazo, toa zile ambazo mtu anaweza kufanya nazo kitu. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, sawa, lakini mwambie akiona umeme wa radi ahesabu sekunde mpaka asikie ngurumo, kila sekunde 3 ni kilomita 1, na zikiwa chini ya 30 akae ndani. Hiyo hasahau. Na ukitumia mfano sema na pale unapoishia, watu wengi walifundishwa atomu ni kama sayari zinazolizunguka jua, hakuna aliyewaambia elektroni, ile chembe ndogo ya atomu iliyofananishwa na sayari, haina njia kama ya sayari, wanakwama nao mfano huo maisha yote.

Mwisho wa maongezi usimuulize mtu "umeelewa?" maana atasema ndiyo. Mpe swali jirani. Mimi baada ya mti huwa nauliza: mtu akikonda, mafuta ya mwilini yameenda wapi? Wengine wanasema yameyeyuka, wengine jasho, wengine yamegeuka joto. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa tunaipumua, kilo 10 za mafuta zikitumika mwilini kama kilo 8.4 zinatoka kama hewa ukaa na zilizobaki ni maji. Akifika hapo mwenyewe ujue ameshika. Akikwama usirudie maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, tafuta mlipoachana, na kwa ninavyoona mimi mara nyingi mmeachana mbali sana huko nyuma: haamini kama hewa ina uzito. Basi rudi hapo kwanza. Mita moja ya ujazo ya hewa ina kama kilo 1.2, kwa hiyo chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 2 na nusu kina hewa ya karibu kilo 48. Mpigie hesabu hiyo mbele yake, au bora zaidi mpe kalamu aipige yeye.