Shamba lisubiri kwanza

Pole sana dada. Nimekuelewa, mama ana saratani ya shingo ya kizazi, kapangiwa tiba ya mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kaka zako wanataka kuuza shamba na yeye mwenyewe anasema mumuache afe asije kuwafilisi.

Kabla hamjagusa shamba nendeni ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali na barua ya serikali ya mtaa, muelezeni hali yenu bila aibu, wanaweza kupunguza gharama au hata kusamehe. Halafu daktari aulizwe wazi, hii tiba ni ya kuponya au kumpunguzia mateso? Maana mionzi inaenda wiki kadhaa na kinachowamaliza watu wa mkoani ni nauli, msosi na pa kulala Dar. Kama mko Kanda ya Ziwa ulizeni hospitali ya Bugando, Mwanza, mionzi ipo.

Sisi tulivyomuuguza mzee tuligawana, huyu nauli, yule chakula, mwingine kulala naye, michango yote kwenye daftari moja, bila hivyo ndugu mnakuja kugombana msibani.

Mitishamba ya WhatsApp achaneni nayo, na mionzi asikatishe. Akitoka damu nyingi au homa ikipanda, hospitali usiku huohuo. Hayo maneno ya kufa mwambieni nesi au daktari, msinyamaze, na kama ni maumivu ulizeni mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu.